Dhamana huanzia kwenye hati ya mashtaka

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja jioni hii. Nianze na jambo ambalo wengi wenu mliowahi kufika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, mmelishuhudia. Mama yupo pale tangu asubuhi, ana barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili walioomba ruhusa kazini. Mwanawe anapandishwa kizimbani, anasomewa shtaka la mauaji, anaambiwa asijibu chochote kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Kesi inaahirishwa, kijana anarudi rumande, Keko au Segerea. Mama anatoka analia: hakimu amemnyima mwanangu dhamana.

Hakimu hakumnyima. Hakuwa nayo ya kumpa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu cha 148(5) tulichokizoea, inafunga dhamana kwa mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na makosa mengine kadhaa. Hapo hata ulete wadhamini ishirini wenye hati za nyumba, haisaidii.

Sasa tazameni uzito wa neno moja. Mtu ameporwa simu usiku Manzese. Hati ikisema unyang'anyi wa kutumia nguvu, dhamana inaombeka. Ikisema wa kutumia silaha, na panga tu linatosha kuwa silaha, mshtakiwa atasubiri ndani mpaka shauri liishe. Vivyo hivyo mauaji na kuua bila kukusudia: tofauti ni nia, na nia huthibitishwa baadaye sana, wakati uhuru unaondoka siku ya kwanza. Ndiyo maana nasema anayeandika hati ya mashtaka ndiye anayeamua dhamana, na hana haki ya kuandika kosa zito kuliko ushahidi alionao.

Mahakama zetu zimehangaika na jambo hili. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha kipengele kilichozuia dhamana kwa kosa lolote lenye shambulio kubwa au tishio la nguvu. Kilikuwa kipana mno. Mwaka 2018 ikaondoa hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka iliyoweza kuzuia dhamana bila mahakama kuhoji. Lakini Agosti 2020 ikakibakiza kifungu cha 148(5), baada ya Mahakama Kuu kukitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Mimi bado naamini Mahakama Kuu ilikuwa sahihi. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia kabla haijathibitika.

Pale dhamana isipofungwa na sheria, mfano kesi ya kujeruhi, hakimu hapimi ubaya wa jeraha peke yake. Anauliza: atarudi siku ya kesi? Ana makazi yanayojulikana? Aliwahi kuruka dhamana? Atawatisha mashahidi? Yeye mwenyewe atakuwa salama mtaani?

Na wewe uliyekatwa panga, usikae nyumbani na hofu yako. Kama ndugu wa mshtakiwa walikuja usiku kukutisha, mweleze mpelelezi na wakili wa serikali kabla ya siku ya dhamana: nani alikuja, lini, alisema nini. Pingamizi la dhamana lenye mambo hayo ndani ya hati ya kiapo, hakimu atalisikiliza. "Jamaa ni hatari" peke yake halimfikishi popote.