Nani Anamfuata Nani: Jinsia na Uhamaji katika Nchi Zilizoendelea

Mbukwenyi!

Ndugu zangu, wengi humu ukumbini mmeletwa Dodoma na kazi. Wengine mmeletwa na kazi ya mwenzenu. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, uhamisho wa kumfuata mwenza umekuwa gumzo la kila ofisi. Mume akipangiwa Dodoma, watu huuliza mke atahama lini. Mke akipangiwa Dodoma, huuliza nyumba na watoto anamwachia nani. Leo maswali hayo nayapeleka Ulaya na Marekani, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba kule jinsia haina kazi tena, kwamba anayehama ni msomi au mfanyakazi, basi. Mimi nasema ina kazi kubwa, na mara nyingi inaifanya kupitia sheria ambazo hazimtaji mwanamke popote.

Mwaka 1978 mchumi Jacob Mincer alieleza kwamba familia huhama pale faida ya mmoja inapozidi hasara ya mwenzake. Kwa hesabu hiyo, yupo anayehama ambaye angekuwa peke yake asingehama, na yupo anayebaki ambaye peke yake angeshaondoka. Hesabu yenyewe haichagui mume wala mke. Lakini watafiti walipofuatilia wanandoa waliohama ndani ya Marekani na Uingereza, walikuta mara nyingi kipato cha mume kinapanda na cha mke kinashuka, hata pale mke aliposoma sawa na mume. Kama elimu ni sawa, basi kuna kitu kingine kilichoamua.

Tuitazame Marekani kwa karibu. Mtaalamu wa kompyuta kutoka India huingia kwa viza ya kazi iitwayo H-1B, na wengi wa wenye viza hiyo ni wanaume. Mwenza wake huingia kwa H-4. Hadi mwaka 2015, mwenye H-4 hakuruhusiwa kuajiriwa. Mwaka huo waliruhusiwa baadhi tu, hasa ambao wenza wao walikuwa wamefika mbali katika kuomba ukaazi wa kudumu. Sasa mfikirieni mwanamke aliyekuwa daktari wa meno kwao. Asubuhi mume anakwenda kazini, yeye anabaki na cheti chake kabatini. Hana mshahara, na ruhusa yake ya kuishi nchini imefungwa kwenye ajira ya mume. Mume akipoteza kazi, wote wawili wako mashakani. Akimpiga, kudai talaka ni kuiweka rehani viza yake mwenyewe. Hilo linaniumiza kila ninapolifundisha.

Msidhani basi kwamba wanawake ni wa kufuata tu. Tangu mwaka 1885 mwanajiografia Ravenstein, akichambua sensa za Uingereza, aliona kwamba katika safari fupi wanawake walihama kuliko wanaume, wakienda kufanya kazi za ndani na za viwandani. Baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1990, wasichana wa mashariki waliondoka kwa wingi kuliko wavulana, na vipo vijiji vilivyobaki na vijana wa kiume wasiopata wa kuwaoa. Mwaka 2020, kati ya wahamiaji wa kimataifa wapatao milioni 281, karibu nusu walikuwa wanawake. Ulaya na Amerika Kaskazini walizidi nusu.

Wanaitwa kufanya nini? Wengi sana, kulea wazee na wagonjwa. Uingereza ilifungua mlango wa viza kwa walezi mwezi Februari 2022. Kazi yenyewe ni kukesha, kumgeuza mzee ubavu kila baada ya saa chache asipate vidonda vya mgongo, kumbadilisha nguo, kumlisha kijiko kwa kijiko. Tarehe 11 Machi 2024 sheria ikabadilika: walezi wapya wasije na mume, mke wala mtoto. Julai 2025 wakasitisha kabisa kuajiri walezi wapya kutoka nje. Kwa hiyo aliyeingia katikati hapo anamwogesha mama wa mwenzake, wakati mwanawe anaogeshwa na bibi huku nyumbani. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliuita huo mnyororo wa malezi, na mara nyingi pingili ya mwisho ni mwanamke asiyelipwa.

Wapo pia wanaume waliofuata. Wauguzi wa Kerala, India, walipokwenda Marekani kuanzia miaka ya 1970, waume zao waliwafuata baadaye na wengi wakapata kazi za chini kuliko walizoacha. Kwao walidharauliwa kwa kutegemea mshahara wa mke. Baadhi yao waligombea uongozi kanisani, mahali ambapo bado waliweza kuitwa wakubwa. Mwanamke anayemfuata mume hachekwi hivyo, kwa sababu jamii ilishampangia kufuata.

Wauguzi wetu nao wanatafutwa nje. Nawaomba ninyi mlio wizarani, mnapoletewa rasimu ya makubaliano ya kuwapeleka, msiishie kwenye ukurasa wa mshahara. Tafuteni palipoandikwa iwapo muuguzi anaruhusiwa kwenda na watoto, iwapo mwenza wake ataruhusiwa kufanya kazi, na viza yake inakuwaje akimwacha mwajiri. Kama hapajaandikwa, rudisheni rasimu.