Wewe wa Wapi?

BARAKA: Hodi hodi wasikilizaji. Mimi Baraka, niko Dar, mvua imekatika sasa hivi, kwa hiyo mkisikia vyura msishangae. Mwenzangu?

MWANAIDI: Mimi hapa, Mwanaidi, Mombasa. Huku hakuna mvua wala chura, ni joto tu. Baraka, kabla hujafika popote, lile ulilonambia juzi kwenye simu lirudie hapa watu wasikie.

BARAKA: Aah, dada, tungeanza na kitu kingine kwanza.

MWANAIDI: Hapana. Lirudie.

BARAKA: Haya bwana. Nimewahi kusema mimi ni Mkenya.

MWANAIDI: [anacheka] Wallahi sitaisahau siku hii.

BARAKA: Sikiliza kwanza. Ilikuwa Istanbul, kwenye hosteli, tuko jikoni, saa tatu usiku nachemsha tambi. Kijana mmoja ananiuliza, wewe wa wapi? Wiki ile nzima nimejibu Tanzania, na kila nikijibu naambiwa, ooh, Tasmania! Au naulizwa ni karibu na wapi. Natoa somo la jiografia huku tambi zinalowa. Siku hiyo nikachoka. Nikasema Kenya. Akafurahi, akasema aah, Kenya, nchi ya Kilimanjaro!

MWANAIDI: [kicheko kirefu] Umelipwa hapo hapo!

BARAKA: Nimeutoa mlima kwa mdomo wangu mwenyewe. Halafu akaniuliza kama nakimbia marathoni. Na kitambi hiki.

MWANAIDI: Basi ndiyo mada yetu ya leo. Kwa nini mtu anafunga safari, pasipoti anayo mfukoni, halafu akiulizwa kwao anataja kwa wenziwe? Wewe ulifanya kwa uvivu tu, tukusamehe. Lakini kuna wenye sababu nyingine, na wanaojulikana sana kwa jambo hili ni Wamarekani.

BARAKA: Wenye jani la Kanada kwenye begi.

MWANAIDI: Hao. Bendera ya Kanada yenye lile jani jekundu ilianza kutumika tarehe 15 Februari 1965. Angalia mwaka huo. Ndio mwaka Marekani inamwaga wanajeshi Vietnam. Kijana wa Kimarekani anazunguka Ulaya na begi mgongoni, na kila mkahawa anaoingia anaulizwa habari za vita. Na jirani yake wa kaskazini ndiyo kwanza kapata bendera mpya, nzuri, haijagombana na mtu. Akanunua kipande cha kitambaa, akakishonea kwenye begi, mambo yakaisha.

BARAKA: Na lafudhi zao kwa sikio la mgeni ni zile zile. Nani atamshika?

MWANAIDI: Mkanada mwenyewe tu. Ikaja vita ya Iraki 2003, mchezo ukarudi. Mwaka 2004 kampuni moja ya jimbo la New Mexico, huko huko Marekani, ikaanza kuuza kifurushi kizima cha kujigeuza Mkanada: fulana, beji, na kibandiko cha bendera. Watu wakanunua kwa kicheko, lakini walinunua. Na 2025, Trump aliposhikilia kwamba Kanada iwe jimbo la 51, ikarudi tena, ila safari hii Wakanada wamekasirika. Wanasema, mnatutishia kutumeza nyumbani, halafu mkitoka nje mnavaa nguo zetu?

BARAKA: Hapo nawaelewa. Ila kuna mara moja Kanada yenyewe ndiyo iliyoazimisha nguo. Tehran, Iran. Novemba 1979 ubalozi wa Marekani ukavamiwa, watu 52 wakaja kukaa mateka siku 444. Lakini maofisa sita walichomoka siku ile ile, wakafichwa kwenye nyumba za wanadiplomasia wa Kanada, balozi Ken Taylor akiwa mmoja wa wenyeji. Serikali ya Kanada ikawatengenezea pasipoti halisi za Kanada kwa siri, na Januari 1980 wakapanda ndege kama watu wa filamu waliokuja kutafuta mahali pa kupigia picha.

MWANAIDI: Hiyo ni nguo ya kuazima iliyositiri.

BARAKA: Wewe unajua methali inasemaje kuhusu nguo ya kuazima.

MWANAIDI: Naijua, na sitaimalizia hewani, mamangu husikiliza kipindi hiki. Lakini ndipo ninapotaka kufika, maana miaka 17 baadaye methali ikatimia. Mwaka 1997, Amman, Jordan. Majasusi wa Israeli wanamtilia sumu Khaled Meshaal wa Hamas barabarani. Wanakamatwa. Mifukoni wana pasipoti gani?

BARAKA: Kanada.

MWANAIDI: Kanada! Kanada ikamwita balozi wake arudi nyumbani kwa hasira. Sasa fikiria Mkanada wa kweli, yuko zake Amman mwezi ule anatafuta falafeli, anaulizwa wewe wa wapi. Atasema nini? Yeye hana jirani wa kumwazima.

BARAKA: Atasema Mkenya, kama mimi.

[wanacheka]

MWANAIDI: Haya, wewe ulisema una habari ya getini.

BARAKA: Ni fupi. Hii ni kinyume, mtu anaficha pasipoti ili aonekane wa hapa. Binamu yangu kazaliwa Tanga, kakulia Tanga, akaenda Marekani akachukua uraia wa kule. Sasa Tanzania haina uraia pacha, sio kama ninyi mlioruhusiwa na Katiba ya 2010. Kwa hiyo akija kwao ni mgeni. Tumefika kwenye geti la hifadhi. Ubao una bei ya raia wa Afrika Mashariki kwa shilingi, na bei ya mgeni kwa dola. Binamu akashuka na Kiswahili cha Tanga chote, shikamoo mzee, habari za kazi, poleni na jua. Yule mzee akaitikia vizuri kabisa, marahaba mwanangu, akacheka naye, wakaulizana ukoo. Halafu akasema, haya, kitambulisho.

MWANAIDI: Maskini.

BARAKA: Alilipa dola. Njia nzima hakuongea, hata tembo hakumtazama.

MWANAIDI: Lakini huyo kapoteza hela tu, Baraka. Twende kule kuzito. Twende Entebbe.

BARAKA: Twende.

MWANAIDI: Tarehe 27 Juni 1976. Ndege ya Air France inatoka Tel Aviv kwenda Paris, inatua Athens, watekaji wanapanda hapo. Wapalestina wawili na Wajerumani wawili. Ndege ikapelekwa Benghazi kujaza mafuta, kisha Entebbe, kwa Idi Amin. Pale Benghazi kuna mama mmoja, mzaliwa wa Uingereza lakini anaishi Israeli. Akajifanya mimba inamtoka. Wakamwamini, wakamshusha, akapelekwa London. Wenziwe wakaendelea. Kule Entebbe, kwenye jengo la zamani la abiria, pasipoti zimeshakusanywa. Yakaanza kusomwa majina. Waisraeli chumba hiki, wengine wabaki kule.

BARAKA: Na aliyekuwa anasoma majina ni Mjerumani. Kwa wazee waliokuwa wamenusurika makambi ya Hitler, sauti ya Kijerumani inakutenga kwa jina lako... sijui hata niseme nini.

MWANAIDI: Usiseme. Karibu watu 150 wasio Waisraeli wakaachiwa kwa mafungu mawili. Rubani, Michel Bacos, Mfaransa, angeweza kuondoka. Pasipoti yake ilikuwa inamruhusu. Akasema abiria wangu wako hapa, nami niko hapa. Na wahudumu wake wakabaki. Katika hadithi zote za leo, huyu ndiye aliyepewa mlango kwa sababu ya uraia wake akakataa kuutumia.

BARAKA: Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomandoo wa Israeli wakaja kuwachukua. Watu wengi wanaishia hapo kwenye kusimulia. Ndege zikaruka, mwisho. Lakini ndege zile zilitua wapi kujaza mafuta?

MWANAIDI: Nairobi.

BARAKA: Nairobi. Na Amin hakuweza kumfikia aliyempiga, akamgeukia Mkenya aliyekuwa karibu. Kulikuwa na Wakenya wengi wanaishi Uganda, wafanyakazi, wafanyabiashara. Wakauawa mamia. Maelfu wakakimbia. Mtu ameamka asubuhi anaenda kazini, hajui habari ya ndege wala makomandoo, na kabila la pasipoti yake limekuwa kosa.

MWANAIDI: Hapo ndipo huwa najiuliza, yule Mkenya alijifichaje? Maana mpaka wetu na Uganda umekata watu katikati. Msamia wa Busia ya Kenya na Msamia wa Busia ya Uganda utawatofautishaje? Mteso wa huku na wa kule? Lugha moja, majina yale yale, pengine shangazi mmoja. Mzungu aliyepiga mstari hakujua, lakini siku ile lugha ya mama ilikuwa na thamani kuliko karatasi yoyote. Ila Mkikuyu, au mtu wa Mombasa kama mimi, nikifungua kinywa pale Jinja nimekwisha.

BARAKA: Kinywa. Pasipoti unaweza kuizika, kinywa unakipeleka wapi? Hiyo ya kinywa ni ya zamani sana, iko kwenye Biblia, Waamuzi sura ya 12.

MWANAIDI: Hiyo ya kwenu, nisimulie.

BARAKA: Watu wa Gileadi wameshinda vita, wanashika vivuko vya Yordani. Anayetaka kuvuka anaulizwa, wewe ni Mwefraimu? Akikana, anaambiwa, haya sema Shibolethi. Waefraimu hawana "sh" hiyo. Anasema Sibolethi. Wanamchinja. Biblia inasema 42,000.

MWANAIDI: Kwa "sh" moja?

BARAKA: Kwa "sh" moja. Sasa sogea mpaka Mei 2008. Johannesburg, Alexandra, tarehe 11, watu wanaanza kuwapiga wageni, moto unaenea mitaa na miji mingine. Makundi yanamsimamisha mtu njiani, yanamwonyesha sehemu ya mwili, yanamwambia taja hii kwa Kizulu. Iliyokuwa inaulizwa sana ni hii hapa mkono unapokunjika. Kwa Kizulu ni indololwane. Kwa nini hiyo? Kwa sababu mgeni atajifunza kichwa, tumbo, mguu. Hiyo utaitajia wapi? Sokoni huitaji.

MWANAIDI: Na waliokufa...

BARAKA: Watu 62. Na 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini. Wengine ni Washangani, Wavenda, watu wa kwao kabisa, lafudhi tu si ile. Huyo hata hakuwa na cha kuficha.

MWANAIDI: Subhanallah.

BARAKA: Nina baba mdogo yuko Durban miaka mingi. Tangu wakati ule, ukimpigia akiwa ndani ya teksi, zile za abiria wengi kama daladala, hapokei. Ukimpata kwa bahati mbaya anasema neno moja, "later," anakata. Jioni ananipigia, Kiswahili kinamwagika kama maji. Nilikuwa nafikiri anaringa. Kumbe Kiswahili ndicho anachokificha. Yule Mmarekani na kibandiko chake, mambo yakiharibika anakimbilia ubalozini anatoa pasipoti ya tai, anaokolewa. Ba'mdogo yake akiitoa ndiyo anajichongea.

MWANAIDI: Ndiyo maana wale wa kibandiko huwa wananichekesha lakini wananiudhi kidogo pia. Wanakwepa maswali tu wakati wa chakula cha jioni.

BARAKA: Mh, usiwe mkali. Agosti 1998, balozi zao zilipolipuliwa Nairobi na Dar, tuliona kinachoweza kufuata bendera yao. Na waliokufa wengi walikuwa watu wetu.

MWANAIDI: Hilo nakupa. Lakini nambie, Kariakoo wewe humjui Mkenya akikuomba bei?

BARAKA: Kabla hajamaliza sentensi! Anakuja, "Nipe hiyo, ni how much?" Sisi huku ni "naomba." Mtu akisema "nipe" muuzaji anageuka kuangalia nani kakasirika.

MWANAIDI: Hao wa Nairobi hao! Sisi wa Pwani "naomba" twaijua tangu tumboni. Usituchanganye.

BARAKA: Sawa, wewe unapita. Nikikufunika macho sijui kama wewe si wa Tanga.

MWANAIDI: Wasema hivyo? Basi nipime.

BARAKA: Nikupime nini?

MWANAIDI: Ile ya Alexandra. Hiki hapa nilichoegemeza mezani, mkono unapokunjika. Wewe wakiitaje?

BARAKA: Kiwiko.

MWANAIDI: Nyanyangu alikuwa akitupiga tukikiweka mezani wakati wa kula. Alikuwa akisema, ondoa kisugudi hapo.

BARAKA: Kisu... nini?

MWANAIDI: Kisugudi.

BARAKA: Sijawahi kulisikia neno hilo maishani.

MWANAIDI: Haya.

[kimya kidogo, vyura wanasikika]

BARAKA: Tutarudi wiki ijayo, dada.