Namba 720720: namna ya kujua ina vigawo vingapi bila kuhangaika

Jambo yenu wote! Leo kutoka hapa Katuba, Lubumbashi, tunaichambua namba ninayoipenda kuliko zote: 720720. Tunatafuta ina vigawo vingapi, yaani namba zinazoigawa bila kubakisha kitu. Chukua kaye na biki.

Usianze kugawa kwa 2. Itazame kwanza: 720, halafu 720 tena. Tarakimu tatu zikijirudia hivyo, namba nzima ni hizo tatu mara 1001. Na 1001 ni 7 mara 11 mara 13. Kwa hiyo namba tasa tatu ngumu tumeshazipata, na jasho halijatoka. Ukipewa 458458, mambo ni yale yale.

Sasa 720. Piga mstari wima, gawa: 360, 180, 90, 45, 15, 5, 1. Hiyo mnaijua. Tuna 2 nne, 3 mbili, 5 moja.

Yaya, sogeza simu upande wa dirisha, kivuli kinafunika ubao... hapo, hapo. Asante.

Naandika tena: 2 kipeo 4, 3 kipeo 2, kisha 5, 7, 11 na 13. Sasa tulieni, maana hapa ndipo pointi zinapopotea. Kila kipeo ongeza 1. Kila kipeo! Hata 5 isiyoandikiwa kitu juu ina kipeo 1, kwa hiyo inakuwa 2. Kwa nini tunaongeza? Ukikuta maembe manne sokoni, unaweza kununua moja, mawili, matatu, yote manne, au usinunue kabisa. Njia tano. Na ile 2 ni hivyo hivyo: unaweza kuiacha.

Basi: 5 mara 3 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2. Hesabuni zile 2 kwa kidole, ziko nne: ya 5, ya 7, ya 11, ya 13. Ukisahau moja, jibu linabaki nusu. Jumla: vigawo 240! Chini ya milioni moja hakuna namba yenye vigawo vingi kuliko hivyo, na hii ndiyo ndogo kuliko zote zinazofikisha 240.

Tena ndiyo PPCM ya 1 hadi 16 (namba ndogo kuliko zote inayogawika kwa kila moja ya hizo). Yaani likelemba, kile kikundi cha kuchangishana pesa, ikiwa na franka 720720, wanachama wakiwa 7 kila mmoja anapata 102960. Wakiwa 11, 65520. Wakiwa 13, 55440. Wakiwa 16, 45045. Hakuna ugomvi wa chenji. Akija wa 17 tu, zinabaki franka 5.

Kibao hiki cheusi ninakipaka mwenyewe, chaki inashika vizuri na kinafutika kwa kitambaa kikavu, anayekitaka aniandikie.

Zoezi: 360360. Nataka vigawo ni vingapi, na mniandikie vipeo vyote pamoja na ile 1 mliyoongeza, nione mlikopita.