Saraka ya Tovuti na Injini ya Utafutaji: Kila Moja Ina Kazi Yake

Shikamooni wakubwa, na wengine, habari za asubuhi. Wengi wenu humu ni watu wa utalii, wa hapa Arusha na wachache kutoka Moshi, kwa hiyo mifano yangu itakuwa ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro.

Saraka ni orodha ya tovuti iliyopangwa na watu. Mwaka 1994 Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walianza kuorodhesha tovuti kwa mada. Huko ndiko ilikotoka Yahoo. Ukitaka kuingizwa unachagua kategoria, unaandika maelezo mafupi, mhariri anaifungua tovuti yako na kuamua. Anayetafuta hushuka ngazi kwa ngazi, tuseme Afrika, Tanzania, Utalii, hadi akute jina la kampuni, sentensi moja au mbili, na kiungo cha ukurasa wa mwanzo. Basi. Bei ya kupanda mlima kwa njia ya Lemosho uliyoiweka ukurasa wa sita, saraka haina habari nayo.

Injini ya utafutaji hutumia roboti, yaani programu inayofungua ukurasa, kusoma maandishi yake, kisha kufuata viungo hadi kurasa nyingine. Yaliyosomwa huingia kwenye faharasa kama ile ya mwisho wa kitabu: neno “Machame”, na mbele yake kurasa zote zilizolitaja. Mgeni akiandika “Machame siku 7 bei”, injini haianzi kuzunguka mtandaoni saa hiyo. Inachambua faharasa iliyokwisha kutengenezwa, halafu inapanga majibu kwa vigezo vingi. Kimoja ndicho kilichoipa Google jina tangu 1998: viungo vinavyoelekea kwenye ukurasa, na uzito wa kurasa vinakotoka.

Kwa hiyo saraka huorodhesha kampuni; injini huleta ukurasa. Hapa ndipo wengi mjini wanapokwama. Bei za Marangu, Machame na Rongai zimebanwa kwenye bango moja la picha, lile lile la kurusha WhatsApp. Mhariri wa saraka ataliona na kulisifu. Roboti inaweza isiambulie neno hata moja. Andika bei kwa maandishi, kila njia iwe na ukurasa wake, na kichwa kijitosheleze: “Kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku 7”.

Kuna kosa jingine, la fundi. Wakati wa kujenga tovuti huweka kwenye robots.txt, faili linaloziambia roboti zipite wapi na zisipite wapi, mstari wa kuzuia roboti zote, kisha anasahau kuufuta siku ya kukabidhi. Na ukitaka ukurasa usionekane, usiuwekee alama ya noindex, ile inayoiambia injini isiuingize kwenye faharasa, huku umeuzuia pia kwenye robots.txt: roboti iliyozuiwa mlangoni haitaiona hiyo alama, na anwani inaweza kuendelea kujitokeza kwenye majibu. Ramani ya tovuti, ile sitemap inayoorodheshea roboti kurasa zako, hubeba hadi anwani 50,000 kwa faili moja. Mwenye kurasa thelathini zilizounganishwa vizuri asikose usingizi.

Saraka kubwa zilizidiwa na wingi wa tovuti. Yahoo ilifunga yake mwishoni mwa 2014, na DMOZ, saraka nyingine iliyoendeshwa na wahariri wa kujitolea, ikafungwa Machi 2017. Za fani bado zina maana. Orodha ya wanachama wa TATO, chama cha kampuni za utalii Tanzania, ni saraka, na mgeni anayeogopa kutapeliwa huipitia. Injini haimuulizi mtu leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii, kabla ya kumwonyesha. Ukiorodheshwa popote, jina na namba ya simu viwe vile vile kila mahali.

Anayekuja ofisini kukuuzia “saraka 500 kwa mkupuo”, mpe chai aende zake. Viungo vilivyonunuliwa ili kupandisha nafasi Google huvipuuza, au vikakushusha kabisa. Kiungo cha tangazo halali la kulipia kiwekewe alama ya sponsored au nofollow, ili Google ijue si cha kupandishia nafasi.

Sasa toeni simu. Kwenye Google andikeni site: na jina la kikoa chenu, yaani anwani ya tovuti yenu, bila kuacha nafasi katikati. Kinachotokea ni makadirio tu ya kurasa zilizomo kwenye faharasa, lakini kama hakuna hata mmoja, anzeni na robots.txt. Kisha fungueni Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, haina malipo, mkague anwani ya ukurasa mmoja mmoja; itawaambia kama umeingia, na kama haukuingia, sababu yake.