Dozi ya Saa Nne Usiku na Anayeitoa

Habari zenu nyumbani. Leo nasema na nyie mnaomuuguza mama au babu mwenye saratani, mmesharuhusiwa kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road na mmekabidhiwa chupa ya mofini ya maji, dawa kali ya maumivu.

Nguvu ya dawa hiyo hukaa kama masaa manne tu. Ndiyo maana hutolewa kwa saa, hata kama mgonjwa hajalalamika: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Wengi hungoja mpaka bibi aanze kulia. Maumivu yakishapanda, dozi ileile haiyashushi, na nyumba nzima inakesha. Muulizeni daktari kama dozi ya saa 4 usiku iwe maradufu, mgonjwa alale mpaka alfajiri. Ni utaratibu wa kawaida, ila msijipangie wenyewe: figo za mzee zikiwa dhaifu, dawa hulundikana mwilini. Akiwa haamshiki au anapumua taratibu mno, simamisheni dozi, nendeni hospitali.

Pimeni kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, maana vijiko vya chai havilingani. Kila chupa mpya someni lebo, ni miligramu ngapi kwenye mililita 5. Nguvu ikibadilika nanyi mkapima kama jana, mmezidisha au mmepunguza.

Choo kitafunga, msijidanganye. Dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile ya mofini. Kichefuchefu na usingizi hupungua baada ya siku chache, choo hakizoei. Na hayo ya "atakuwa teja" waachieni majirani.

Sasa nyie wenzangu wa huku Marekani. Saa 2 usiku New York, wakati wa kiangazi, Dar ni saa 9 usiku. Simu yako ya video inamwamsha dada aliyeacha biashara yake ya genge ili auguze, na hakuna anayemlipa. Kwenye mchango wa dawa na nauli ongezeni hela ya mtu wa kumpokea zamu, hata siku mbili kwa wiki.

Zamu nayo unaiweza. Saa 12 asubuhi ya Dar kwako ni saa 5 usiku, bado uko macho. Kengele ya dozi ya kwanza iwe wewe: piga, akipokea sema "dozi", kata.