Mazoezi ya mwili na akili kwa wazee wetu: miguu inatembea, kichwa kinahesabu

Haya jamani mbukwenyi, na wazee wangu wote mnaonitazama shikamooni. Hapa ni Nzuguni, Dodoma, saa moja kasoro asubuhi, jua bado halijachachamaa, na leo niko uani na mama yangu mzazi. Mama ana miaka 74. Ujana wake wote aliuza mayai ya kuchemsha na karanga stesheni ya Bahi, treni ikisimama anakimbia nayo dirisha kwa dirisha, huku anahesabu chenji kichwani. Mtaona kwanini nawaambia hilo.

Zoezi la leo ni la kufanya vitu viwili kwa pamoja, mwili unafanya kazi na akili inafanya kazi, saa hiyohiyo. Sio utembee kwanza alafu ukae ufikirie, hapana, vyote kwa mpigo. Maana maisha ndo yalivyo, mzee anavuka barabara pale Sabasaba huku anamjibu mtu anayemsalimia huku anakumbuka alichotumwa sokoni, na hapo ndipo wanapoanguka.

Vitu vya kuandaa: kiti cha mbao kizito (cha plastiki hapana, kinateleza, naomba sana), kisukume mgongo wake ugote ukutani. Viatu vya kufunga, sio kandambili. Kanga ifungwe juu isiburuze. Trei ya mayai tupu, ile ya mayai 30, na mbegu za ubuyu 30 kwenye bakuli. Kete za bao pia zinafaa, mimi napenda ubuyu kwasababu hapa kwetu hazikosekani. Kama mzee anatumia dawa za presha mwache akae kidogo kitandani kabla hajasimama, asiamke kwa kasi akapata kizunguzungu.

Kupasha mwili moto sina haja ya kuwaonesha kwa kirefu, mabega, viwiko, vifundo vya miguu, dakika tano, twende.

La kwanza. Mama anasimama nyuma ya... ngoja, kiti kiko ukutani, basi anasimama pembeni ya kiti, mkono mmoja umeshika, anapiga mguu palepale kama gwaride, kushoto kulia. Anahesabu kwa sauti, moja, mbili, na kila ikifika namba ya tatu haitaji, anapiga kofi. Moja, mbili, kofi, nne, tano, kofi. Hili wanalo Wajapani, kuna kituo chao cha taifa cha afya ya wazee mji wa Obu, wanaliita Cognicise, hesabu na hatua kwa pamoja. Ila mimi nimebadilisha kitu kimoja, mzee anayehitaji kushika kiti asipige kofi, maana akipiga kofi ameachia kiti! Mama yeye badala ya kofi anasema "hoya". Moja, mbili, hoya. Akikosea msimkosoe, hiyo ya kukosea ndo akili inapofanya kazi. Ikiwa hakosei kabisa ujue imeshakuwa rahisi, mbadilishie, ahesabu kwa Kigogo, au arudi nyuma kutoka 50.

La pili haraka haraka. Kukaa na kusimama kwenye kiti, mikono kifuani kama anaweza, kama hawezi ashike mapaja. Kila akisimama namuuliza chenji. Mama, mayai saba ya mia tano, nimekupa elfu tano? Mnamsikia, elfu moja na mia tano, hata hajamaliza kunyooka! Mara nane zinatosha. Pumzi zisibanwe, na kama anajibu kwa kukatakata sana mpumzishe, anatakiwa aweze kuongea.

Sasa la tatu, na hapa naomba muache kila kitu mnisikilize.

Mama anatembea kutoka mlango wa jiko mpaka kwenye mti wa mwarobaini, hatua kama kumi na mbili, anageuka, anarudi. Anapotembea anataja stesheni za reli ya kati, ile ya zamani. Kwenda anataja kuelekea bara: Morogoro, Kilosa, Gulwe, Dodoma, Bahi, Manyoni, Itigi, Tabora. Kurudi anazitaja kinyumenyume, Tabora, Itigi, Manyoni. Vidogo vya katikati nimeviruka, mama yeye anavijua vyote mpaka Kintinku. Wewe mzee wako kama alikuwa mwalimu ataje wanafunzi, kama alikuwa dereva ataje vituo, kama ni mkulima wa zabibu akuambie kazi za shambani kwa mpangilio. Kitu cha maisha yake kinamtoa sauti, sio cha kwenye karatasi.

ILA. Anapofika kwenye mwarobaini, anapogeuka, KIMYA. Hakuna stesheni, hakuna swali, hakuna "mama tabasamu". Usimuulize mzee kitu chochote wakati anageuka.

Narudia kwasababu mimi lilinikuta. Mwezi wa pili tulikuwa hapahapa, mama anageuka, mimi nikakumbuka jambo nikamuuliza, mama yule mjomba wa Kintinku alikuwa na watoto wangapi? Kichwa kikanigeukia mimi, miguu bado imepishana, nikamuona anaenda chini hivihivi na mimi niko mbali na simu mkononi. Aliangukia mkono, ukavimba mpaka kiwiko. Mfupa haukuvunjika, namshukuru Mungu kila siku, lakini wiki tatu alikuwa anaogopa hata kwenda chooni peke yake, na ule woga ulikuwa mbaya kuliko uvimbe. Kosa lilikuwa langu.

Kugeuka kunakuwa hivi, asizunguke kwa mguu mmoja. Azunguke mti kwa hatua ndogondogo, nne, tano, hata sita, kama anachora sahani kubwa chini, macho yanatangulia yanapokwenda miguu. Wewe unasimama ubavuni, nyuma kidogo, upande wake dhaifu, mkono uko tayari ila humvuti. Akishanyooka, akapiga hatua mbili, ndo unauliza. Hatua mbili kwanza! Mnaona? Ameg... subirini.

Upepo umeangusha simu. Nilikuwa nimeiegesha kwenye ndoo, huu upepo wa Dodoma na vumbi lake mnaujua wenyewe. Haya nimeweka tofali, mnaniona? Na yule kuku mwanangu mtoe, asipite miguuni kwa bibi.

Nilikuwa nasema. Watafiti kule Uswidi mwaka 1997 walitoa matokeo ya kitu kidogo sana. Walitembea na wazee 58 kwenye makazi yao, wakaanza kuwaongelesha njiani. 12 walisimama ndo wajibu. Ndani ya miezi 6, kati ya hao 12, 10 walianguka. Nilivyolisoma hilo nikamfikiria mama, maana na yeye akiulizwa alikuwa anasimama. Kwahiyo mtazame mzee wako: ukimuuliza akasimama, au hatua zikaanza kuburuza, swali ni zito, lipunguze. Mguu ndo mkubwa, jibu linasubiri. Mwambie kabisa, mama ukishindwa kuchagua, acha swali, shika mguu.

Na siku ya kwanza kabisa msianze na vyote. Atembee tu. Siku ya pili aongeze kuhesabu.

La mwisho, trei. Bakuli la mbegu liko kwenye meza huku, trei iko kwenye meza nyingine kule, zote kimo cha kiuno, hakuna kuinama chini. Anachukua mbegu moja, anaipeleka, anaiweka kwenye shimo na kutaja kitu: mboga. Mlenda. Anarudi, nyingine. Mchicha. Nyingine. Kisamvu. Asirudie jina. Angalieni vidole vyake, mbegu ya ubuyu ni laini, inateleza, na anaipangusa kwanza na kanga kabla ya kuiweka, hajafundishwa na mtu, ni mikono ya mtu aliyepanga mayai miaka yote hiyo. Ikifika kumi namuuliza, ya tatu ilikuwa mboga gani? Namuuliza akiwa kwenye mstari, sio akigeuka. Nimesema tena? Nimesema, na nitasema.

Sisi tunafanya siku nne kwa wiki, dakika ishirini hivi, zilizobaki anatembea kwenda kanisani na sokoni. Shirika la Afya Duniani linasema watu wazima, wazee wakiwemo, angalau dakika 150 kwa wiki, na wazee mazoezi ya kusimama imara siku tatu au zaidi. Kifua kikibana, kizunguzungu, macho kupata kiza, acha palepale, mkalishe, ikizidi nenda hospitali, usisubiri kesho. Na kama ameshawahi kuanguka au ana kiharusi muulize daktari kabla hamjaanza.

Maji anakunywa katikati, uji wa uwele uko jikoni unasubiri, huo ni wa baadae. Mama, mbegu ya ngapi? Ya 22. Anataka kuzimaliza zote na anaelekea kivulini, kuna kizingiti pale na anageuka. Nazima simu nikamshike.