Mkuo wa Fedha wa Zamani: Pima Madini Kwanza, Jina Baadaye

Karibuni watazamaji wa Arusha na popote mlipo. Hapa mezani kuna mkuo, yaani kipande kizima cha madini, wa fedha, silva wenyewe, wa wakia 10. Muuzaji anataka zaidi ya bei ya madini kwa sababu ni wa zamani. Twende taratibu tuone kama anastahili nyongeza hiyo.

Anza na maandishi. Tafuta jina la kiwanda, uzito, usafi na namba ya mkuo. 999 maana yake sehemu 999 kati ya 1,000 ni fedha. 925 ni mchanganyiko, mara nyingi na shaba. Na wakia ya madini ni gramu 31.1, siyo ile ya kawaida ya gramu 28.35. Ukichanganya hizo mbili, hesabu yote itapotea.

Weusi unaouona hapa pembeni uache ulivyo. Ni salfa ya hewani imegusa fedha, na wakusanyaji wanaipenda rangi hiyo. Ukiusugua kwa dawa ya kung'arishia, umefuta thamani kwa mkono wako. Tafadhali sana, msisugue.

Sasa mizani. Kama huna, nenda kwa sonara unayemwamini, akupimie ukiona. Wakia 10 zisome gramu 311. Mkuo uliomiminwa kwa mkono unaweza kuzidi kidogo, lakini ukipungua gramu kadhaa, simama hapo hapo.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha maji. Weka bakuli la maji juu ya mizani, kisha rudisha namba kwenye sifuri. Funga mkuo kwa uzi mwembamba, uzamishe wote, usiguse chini wala ukingo. Tazama namba: fedha halisi ya gramu 311 itasoma karibu 29.6, kwa sababu sentimita moja ya ujazo ya fedha ina gramu 10.49. Ikisoma karibu 34.7, una shaba iliyopakwa fedha. Ikisoma 27.4, ni madini ya risasi. Sumaku nayo ipitishe, ila isikutulize: haivuti fedha, na haivuti shaba wala risasi pia.

Madini yamethibitika? Njoo kwenye bei. Fungua simu uone bei ya wakia moja katika soko la dunia, zidisha kwa 10, kisha geuza kuwa shilingi kwa kiwango cha leo. Tuseme wakia ni dola 30: madini ni dola 300. Chochote juu ya hapo unalipia jina, umri na uhaba.

Majina yanayotafutwa ni kama Engelhard ya Marekani na Johnson Matthey ya Uingereza, iliyoanzia London mwaka 1817. Mikuo iliyomiminwa, yenye mikunjo ya kupoa juu yake, huvutia kuliko iliyokandamizwa kwa mashine, maana hakuna miwili inayofanana kabisa. Uhaba nao una sababu. Januari 1980 bei ilikaribia dola 50 kwa wakia, watu wakakimbilia kuyeyusha vyombo, sarafu na mikuo. Mkuo wa kiwanda kidogo uliosalimika unaweza kuwa adimu kweli. Ila majina makubwa ndiyo yanayoghushiwa zaidi, hivyo ukikuta mikuo miwili yenye namba ileile, ondoka.

Mimi naangalia nani atanunua kwangu nikiuza. Sonara hapa mjini atakulipa kwa uzito, tena chini ya bei ya dunia, kwa kuwa atauyeyusha atengeneze pete na bangili. Jina la kiwanda halimhusu. Kama hujampata mkusanyaji anayelijua jina hilo, usilipe nyongeza ya zaidi ya kile unachoweza kukipoteza bila kuumia. Na kama mkusanyaji wako yuko nje ya nchi, pita kwanza ofisi ya Tume ya Madini uulize vibali, kabla hujatoa hela yako.